Mitego Haihesabiwi

Kaka yangu haongei, kwa hiyo nitaongea mimi. Watu wanamwita Nyata, kwa sababu anatembea kama mtu anayepita karibu na mtoto mchanga aliyelala. Ukiwa naye jikoni ukampa kisogo, ukigeuka unakuta ameshatoka na kikombe ameshakiosha. Nimeishi na tabia hiyo miaka arobaini na mbili na bado inanishtua. Mke wake aliwahi kumfunga kengele ya mbuzi kiunoni kwa utani. Akashinda nayo kutwa nzima, haikulia hata mara moja.

Kunyata huko alifundishwa na baba. Baba alikuwa mtegaji wa wanyama, na baba yake kabla yake. Alifundisha wanawe wa kiume tu, Nyata mkubwa na Kitinda wa mwisho. Mimi wa katikati niliambiwa nikachote maji, kwa hiyo nilichojua nilikiiba kwa kuchungulia.

Cha kwanza nilichoiba ni fundo. Waya unauzungusha mara tatu kuelekea kulia, halafu ncha unaikunja irudi ndani ya fundo lenyewe. Wategaji wengine wote huacha ncha ikitokeza nje. Baba iliwahi kumpasua kiganja, ndiyo maana akaikunja, na fundo hilo likawa la nyumbani kwetu peke yetu.

Cha pili ni kwamba mitego haihesabiwi. Unaikumbuka kwa mahali: wa penye gogo, wa penye kichuguu, wa pale ulipojikwaa. Ukitaja idadi, alisema baba, msitu unakusikia na unajua uwafiche wangapi. Upuuzi mtupu! Lakini upuuzi wa baba ni mgumu kuutoa kichwani kuliko hesabu za mwalimu.

Nyata aliacha kutega miaka kumi na miwili iliyopita. Alirudi begi tupu kwa mara ya tisa mfululizo, akaketi kizingitini, akasema, "Tumewamaliza." Basi. Kesho yake akaenda kubeba matofali. Hakutoa hotuba wala hakuapa. Mimi ndiye niliyetangaza mtaa mzima, maana mtu akifanya jambo jema halafu asijisifu, mimi roho inaniuma.

Ndipo akaja Daktari. Mwanamke mwembamba, miwani mikubwa, viatu vya tope hata siku ya jua. Alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Ndani mna meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, kitasa bado kipo, ramani ukutani na maboksi ya betri. Wiki ya kwanza watu walipanga foleni pale nje na migongo yao na matumbo yao. Akawatokea: "Jamani, mimi si daktari wa watu. Mimi nahesabu wanyama." Bibi mmoja akamwambia, "Basi mwanangu, hesabu na maumivu yangu, hayapungui mia."

Daktari alimtaka Nyata kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeujua msitu ule. Wataalamu walikuwa hawajaukanyaga tangu enzi za babu. Siku ya kwanza alituketisha akatueleza bila kuzunguka.

"Kampuni ya mbao imeuomba msitu wote, kuanzia mtoni mpaka juu kwenye mgongo wa mlima. Ofisi ya misitu inangoja ripoti yangu mwisho wa mwezi ujao. Nikionyesha kwamba humo mna mnyama asiyepatikana kwingine, msitu unabaki na nyinyi wenyewe mnaulinda. Nisipoonyesha, misumeno inaingia."

"Mnyama gani?" nikauliza.

Akatoa picha ya ngozi kuukuu, iliyolala kwenye droo ya makumbusho miaka sabini. Ngozi ya paa mdogo, mweusi, mwenye mstari mweupe kutoka shingoni hadi mkiani. Kwenye kikaratasi chake limeandikwa jina la mto wetu. Nyata aliitazama kwa muda mrefu. "Baba alimwona," akasema. "Mara moja."

Halafu kila mtu akapewa karatasi ya kusaini. Kulikuwa na masharti kumi hivi, lakini moja Daktari alilisoma kwa sauti: anayetega, au anayeficha mitego ya mtu wa nyumbani kwake, anafukuzwa kazi na jina lake linapelekwa ofisi ya misitu. Nyata akasaini polepole, herufi moja moja. Nami nikasaini, ingawa nilikuwa nimeajiriwa kupika tu. Siku ya tatu karani wao aliteguka mguu, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, na nausema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayeusema, nikakabidhiwa fomu na penseli.

Kazi yenyewe, ukiitazama, utadhani ni ya vichaa. Mnanyoosha mstari ndani ya msitu kwa kamba, kilomita mbili, hata mbele kukiwa na korongo. Mnatembea kilomita moja kwa saa. Kila hatua mia mnasimama, mnasikiliza, mnaandika. Nyata mbele, mimi nyuma yake na fomu, Daktari na mbeba kamba wakipima nyuma yetu. Unaandika mnyama, unaandika unyayo, unaandika hata mavi, umri wake na ukubwa wake. Nilimwandikia barua mume wangu, anayefanya kazi mjini, kumwambia kwamba sasa mimi ni karani wa mavi, naye akanijibu kwamba kila ukoo una msomi wake.

Kisha kulikuwa na kamera. Arobaini, zimefungwa kwenye miti kimo cha goti, zinapiga picha zenyewe kitu kikipita. Nyata alipoelezwa akacheka, jambo la nadra. "Kumbe na nyinyi mnatega."

Wiki ya kwanza kamera zilitupa nguruwe, ngedere, panya buku, na picha elfu tatu za majani yakitikiswa na upepo. Wiki ya pili hivyo hivyo. Ya tatu tukapata mkia. Daktari aliukuza mkia ule kwenye kompyuta mpaka ukawa vumbi, akasema huenda ni yeye, huenda siye, na "huenda" haiandikwi kwenye ripoti. Kuanzia wiki ya nne aliacha kula vizuri. Mimi mpishi, sahani zinaniambia. Nyata naye alianza kuamka alfajiri na kukaa ameelekea mlimani, ananoa kisu ambacho tayari kingeweza kumnyoa mtoto.

Wiki ya tano tulikuta mitego miwili, mikongwe, imeshika kutu. Niliinama kabla ya Nyata nikaangalia mafundo. Ncha zilikuwa nje. Nikapumua. Daktari akaikata, akanitajia niandike: mitego, miwili. Kisha akagusa waya. "Hizi ni nyaya za breki za baiskeli," akasema, akaendelea na safari.

Sasa ni lazima niwaambie nani anatengeneza baiskeli. Kitinda, mdogo wetu. Ana banda lake kando ya barabara ya sokoni, matairi yamening'inia darini, karai la maji ya kutafutia pancha, na kopo la nyaya za breki zilizokatika. Ni mtu wa watu, mcheshi, akikuzibia tairi anakuchekesha mpaka unasahau amechelewa. Na nyumbani kwake nyama haikosekani. Hatukuwahi kumuuliza inatoka wapi. Tulikula, tukasema asante.

Ulibaki mstari mmoja tu, wa tisa, bonde la juu. Jioni kabla ya kupanda, Nyata akaniambia anakwenda kununua tumbaku. Nyata havuti tumbaku. Nikafunga kanga yangu nikamfuata.

Tulimkuta Kitinda amepindua baiskeli, mikono imejaa grisi.

"Una nyaya bondeni?" Nyata akauliza.

"Kaka, si tuanze na habari za jioni?"

"Una nyaya?"

Kitinda akanitazama mimi, akaona hapa hakuna wa kumtetea. Akainamisha kichwa. "Nilikuwa nazo. Niliposikia Daktari wenu anapanda nikaenda kuzitoa. Juzi. Zote."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu, kaka. Nimepita kila mahali. Penye gogo, penye maji, penye lile jiwe. Zote."

"Zilikuwa ngapi?"

Kitinda akatoa macho, kama mtu aliyetukaniwa mama. "Kaka! Tangu lini tunaulizana hivyo? Mitego haihesabiwi."

Nyata akafungua mdomo, akaufunga. Nami nikanyamaza, mimi, ambaye sijawahi kunyamazia jambo! Hapo ndipo tulipokosea wote watatu. Mtu wa ukoo mwingine wowote angesema, acha ujinga wako, taja idadi, twende tukaangalie kopo. Sisi tukaona aibu, kwa heshima ya marehemu baba. Nyata akamshika bega mdogo wake, tukaondoka.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa bondeni. Tulianza saa kumi na mbili na nusu. Hatua mia, simama, sikiliza, andika. Hatua mia tena. Kila mmoja wetu alijua kwamba mwisho wa kamba ile ndio mwisho wa kazi, na kwamba kwenye begi lake hamna kitu cha kuzuia msumeno hata mmoja. Nilikuwa naandika ngedere, ngedere, mavi ya nguruwe.

Tulipopita kilomita ya kwanza, Daktari na mbeba kamba walibaki nyuma. Kamba ilikuwa imenasa kwenye miiba. Nyata akaendelea taratibu mbele yangu. Ghafla akanyanyua ngumi. Simama.

Nikasimama. Nikasikia kitu kinahema, harakaharaka. Nyata akainama akapita chini ya tawi, nami nikapita nyuma yake, nikaona.

Alikuwa amelala ubavu kwenye majani. Mdogo kuliko nilivyomdhania, mweusi kama sufuria ya kuni, na mgongoni ule mstari mweupe. Mguu wa mbele ulikuwa juu, umevutwa na waya uliofungwa kwenye mti mdogo uliokunjwa. Alipotuona akajirusha, mti ukamrudisha chini. Jicho lake lilikuwa kubwa na lilinitazama mimi.

Sikuwa na haja ya kulitazama fundo, lakini nililitazama. Mara tatu kulia, ncha ndani.

"Mungu wangu," nikanong'ona. "Kitinda."

Nyata alikuwa ameshapiga goti. Koleo mkononi, kubwa, lile la kukatia nyaya. Kule nyuma nikasikia Daktari anamwambia mbeba kamba, "Ivute upande wako." Hatua hamsini, pengine pungufu.

Nitasema kweli, kwa sababu hadithi hii nimeibeba muda mrefu na imeniumiza. Mimi ndiye niliyesema kata. Nilimshika shati. "Kata kaka, upesi, kabla hawajafika. Anakimbia zake, hakuna aliyeona. Wewe una kazi, Kitinda ana watoto. Kata!"

"Na msitu?" akanong'ona bila kugeuka.

"Msitu si ndugu yako!"

Akaweka koleo kwenye waya. Niliona vidole vyake vinakaza. Paa akajirusha tena na kutoa sauti, nyembamba, kama mlango unaofunguliwa polepole. Nyata hakukata. Alikuwa anamtazama yule mnyama na midomo inamcheza. Nilidhani anaomba, kumbe alikuwa anahesabu pumzi zake. Aliniambia baadaye kwamba alijipa mpaka kumi.

Kisha akageuza uso nyuma, akapiga kelele.

"Daktari!"

Jamani. Sikuwahi kusikia sauti ya kaka yangu ikipanda. Si kwenye harusi, si alipovunjika mkono, si tulipomzika mama. Ngedere waliruka juu ya miti, msitu mzima ukaitika. "Daktari! Njoo! Njoo na kamera!"

Walikuja mbio, nguo zimechanika kwa miiba. Daktari alipoona, alisimama akaziba mdomo kwa mikono miwili, halafu akawa mtu mwingine, akaanza kazi. Kitambaa machoni mwa mnyama, atulie. Picha kumi, ishirini. Urefu, kimo, mguu. Manyoya machache kwenye bahasha. Jeraha likaoshwa, dawa ikapakwa. Ndipo akamwambia Nyata akate, na Nyata akakata. Paa akasimama, akachechemea hatua tatu, akatazama nyuma, akaruka, akapotea. Daktari akaketi kwenye majani yaliyolowa akalia kwa sauti, miwani imejaa ukungu, huku anacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama waya mkononi mwa Daktari.

Alipomaliza kujifuta aliugeuza. "Breki za baiskeli tena. Lakini fundo hili sijaliona." Akanigeukia. "Andika. Mtego, mmoja."

Nikaandika moja. Nilishukuru, nikadhani yamepita.

"Mimi nimeliona," Nyata akasema.

"Kaka," nikasema.

"Ni fundo la baba yangu. Wanaolijua ni wawili. Mimi, na mdogo wangu."

"Watatu!" nikaropoka. "Na mimi nalijua, kwa hiyo anaweza kuwa yeyote." Ujinga ulioje. Nyata akanitazama kwa upole ulioniuma kuliko kofi.

Daktari akaukunja waya ule kiganjani. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga, "Fomu inayo nafasi ya maoni. Si lazima ijazwe, mzee. Mnyama ninaye. Hilo ndilo nililolitaka."

"Nilisaini," Nyata akasema. "Na nilikwenda kumwonya, wala sikukuambia. Hilo nalo liandikwe. Ripoti yako wataichokonoa watu wa kampuni, Daktari. Wakikuta kitu kimoja kimefichwa, watasema na paa mmemchora." Akanigeukia. "Andika, mdogo wangu. Kwa mwandiko wako mzuri."

Nikaandika. Penseli ilivunjika, nikaichonga kwa meno, nikamaliza.

Msitu uko. Nenda uutazame, maji ya bomba letu yanatoka huko. Ripoti ilipingwa na kuchambuliwa, lakini ilisimama. Nyata alifukuzwa kazi wiki ile ile, na Daktari alimpa barua huku hawezi kumtazama. Kitinda alifungwa miezi mitano. Mke wake aliacha kuitikia salamu yangu, akipita upande wa pili wa barabara kama mimi ni shimo. Mimi, kwa kuwa Nyata hakunitaja, nilibakizwa, nikafundishwa, sasa nashika mistari yote tisa. Kila nikishuka Nyata ananiuliza neno moja, "Wangapi?" Nami namwambia.

Lakini hamkuniuliza nani alilifungua banda la baiskeli miezi ile mitano. Nyata. Hajui kuziba pancha, hajui kuchekesha mtu, wateja walikuwa wanarudi na tairi lile lile mara tatu. Alikaa pale kila siku, na kila jioni alichopata alikipeleka mlangoni kwa mke wa Kitinda, akakiweka kizingitini, akanyata zake. Yule mama alidhani ni majirani.

Kitinda alitoka siku ya Jumanne. Hakuja kwetu. Jumatano hakuja. Nyata alikwenda bandani, akakuta kufuli jipya, akarudi akaketi. Ningesema nini? Mimi niliyesema kata?

Ijumaa mchana tulikuwa mezani, Nyata, mke wake na mimi. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Kitinda amekonda, kichwa kimenyolewa, mkononi ana lile kopo la bandani. Akalitua mezani katikati ya sahani zetu, likalia kwa uzito. Ndani mlikuwa na nyaya, zote zina fundo moja.

"Ishirini na sita," akasema. "Ndizo nilizotoa bondeni siku ile. Nimezihesabu, kaka. Wa ishirini na saba mnao nyinyi."

Nyata akasukuma sahani yake pembeni, akazimimina nyaya mezani, akaanza kuzipanga moja moja, kwa sauti, toka moja. Alipofika nne, Kitinda akavuta kiti akakaa, akahesabu naye.